Magharibi Iliyowahi

Tende ilikuwa tayari mdomoni mwa Fatema.

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, msomaji wangu. Adhana ya magharibi inatoka Redio Fanusi, mtaa mzima wa Kuze umeinua vikombe, na Awino, fundi mitambo wa redio hiyo, amesimama dirishani akilitazama jua. Jua lenyewe. Halijazama. Limekaa juu ya mapaa upande wa bara, jekundu, zima.

"Fatema, usimeze."

Fatema akageuka kwenye kiti chake cha utangazaji, shavu limevimba, kikombe cha maji mkononi. Akameza.

"Kuna nini?"

Awino alitoa simu, akaangalia saa yake, kisha akaangalia saa ya kompyuta inayorusha vipindi. Kompyuta ilikuwa mbele. Mbele kwa dakika nane.

Dakika nane si kitu ukiwa unangoja chai ipoe. Lakini kwa aliyefunga tangu alfajiri katika joto la Mombasa, akazuia mate yake na ulimi wake, dakika nane ni siku nzima imekwenda na maji.

Muadhini alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye kuwaita watu katika swala. Awino akanyoosha mkono, akaishusha sauti mpaka chini kabisa.

Redio ikanyamaza.

Alichotaka ni kuwazuia watu wasizidi kula. Ila waliokuwa majumbani hawakuliona jua aliloliona yeye. Walichosikia wao ni adhana imekatwa katikati. Na mtaa mzima ulijua mtambo wa Redio Fanusi uko chini ya mkono wa nani: Awino binti Odera, Mkristo, mtu wa bara.

"Umekata adhana?" Fatema aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haijaingia, Fatema. Tazama nje."

Fatema alitazama. Uso ukamshuka. Alikaa kwa kishindo mbele ya kipaza sauti, akakifungua.

"Wasikilizaji wetu, tafadhalini msifungue. Magharibi haijaingia. Nasema tena, jua bado. Ni hitilafu ya mtambo. Mliokwisha kufungua, shikeni hapo hapo mlipofika, ngojeni adhana ya msikiti wa mtaa wenu. Tuwieni radhi."

Yeye mwenyewe alikuwa bado ana utamu wa tende kinywani.

Simu ikalia kabla hajamaliza.

"Redio Fanusi," Fatema aliitika.

"Mwanangu, nimeshatia tende mdomoni," ilisema sauti ya bibi kizee. "Niiteme au niimeze?"

"Iteme, bibi."

"Na uji je? Uji nimeshakunywa."

Fatema alifumba macho. "Uji umekwisha, bibi. Utatusamehe."

Simu ya pili ilikuwa ya mtu wa Liwatoni, kwenye majengo ya samaki, ambako wafanyakazi wako mbali na msikiti na hufungua kwa kufuata redio. Wote walikuwa wamekula. Hakuuliza swali. Alisema tu, "Tunakuja huko," akakata.

*

Adhana za misikiti zilipoanza kuitikiana, za kweli sasa, Fatema alikwenda kusali chumba cha pili. Awino alibaki na kompyuta.

Miaka minne alikuwa ameitunza mashine ile kama mtoto mchanga. Kazi yake ilikuwa moja tu na haikuwa na mchezo: kutoa adhana kwa wakati. Na kwa kuwa saa ya kompyuta hukimbia au huchechemea kidogo kidogo kama saa yoyote, Awino aliifunga na seva ya saa iliyoko kwenye mtandao. Kila baada ya muda kompyuta iliuliza, "Ni saa ngapi?" Seva ikajibu. Kompyuta ikajirekebisha. Miaka minne, haijawahi kuwadanganya watu.

Leo alasiri aliiacha sawasawa. Akatoka kwenda mjini kununua waya, akarudi magharibi imekaribia, na hakuitazama saa. Kwa nini aitazame? Nani huamka kila asubuhi kuangalia kama mlango wa nyumba yake bado ni mlango?

Aliirekebisha saa kwa mkono. Ilipofanana na ya simu alipumua.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia alikuwa Imtiaz, meneja wa redio, mtoto wa ndugu yake mwenye redio. Kijana mtanashati, kanzu imenyooka, kidevu kimechongwa. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno laini. Leo ulaini ule haukuwepo.

"Nani alikuruhusu ukate adhana?"

"Ilikuwa inapotosha watu, bosi."

"Adhana haipotoshi watu. Waliopotosha watu ni waliogusa saa." Alimsogelea. "Mtambo huu una nywila. Nani anayo?"

"Mimi. Na wewe. Na mzee, mwenye redio."

"Mimi sijui hata pa kubonyeza. Ami yangu ni mzee wa miaka sabini na nne. Amebaki nani?"

Awino alifungua kinywa kujibu, na hapo ndipo sauti zilipoanza kuingia dirishani. Kule chini, kwenye uchochoro, watu walikuwa wanajaa. Wengine walikuwa na harufu ya samaki hata orofani ilifika. Hawakupiga kelele. Walizungumza tu, wote kwa pamoja, na mazungumzo ya watu wengi wenye uchungu yana mvumo wake.

"Tuonyesheni aliyefanya," sauti moja ilipaa juu ya nyingine. "Ateremke atwambie mwenyewe."

Simu ya Awino ilitetemeka. Ni mumewe, Tom, kutoka bandarini. "Kuna maneno yanazunguka huku kwenye simu za watu," alisema. "Wanasema mfanyakazi wa bara amewafungulisha Waislamu makusudi. Ni wewe wanayemsema?"

"Ni mimi."

"Usitoke peke yako. Nakuja nikipata wa kunishikia zamu."

*

Aliyepanda ngazi kwanza hakuwa Tom. Alikuwa Maalim Shee, mwalimu wa madrasa ya mtaa, mtu mfupi mwenye miwani mizito, ambaye nusu ya waliosimama chini aliwasomesha Qurani, tangu alifu mpaka hitima. Walimwachia njia. Aliingia, akatoa salamu, akaketi kabla ya kukaribishwa kwa sababu magoti hayakumruhusu kungoja.

"Watu wana hasira," alisema. "Wana haki. Mimi nimewambia aliyekula kwa kudhani jua limetua hana dhambi, ila siku yake ataikidhi, aifunge tena, baada ya mwezi huu. Ndivyo tulivyosomeshwa. Hilo wamelikubali. Wasilolikubali ni lile la pili." Alimgeukia Awino. "Wasema ulikusudia."

"Sikukusudia, Maalim. Wala si mimi niliyeigusa saa."

"Basi ni nani?"

"Bado sijui."

Imtiaz alicheka kicheko kikavu. "Hajui. Fundi wa saa hajui habari za saa."

"Mwache aseme," Maalim alimkatiza. "Baada ya isha nitasimama mbele ya wale. Nataka neno la kweli la kuwambia. Sitaki neno zuri. Binti, nionyeshe."

Awino alivuta kiti. "Saa hii nimeirekebisha sasa hivi, Maalim. Tazama, sawa na ya simu yangu."

Maalim aliinama, miwani ikakaribia kugusa kioo. Akatazama kompyuta, akatazama simu. Akatikisa kichwa kukubali.

Na mbele ya macho yake, saa ya kompyuta ikaruka. Dakika nane mbele.

"Umeona?" alisema Imtiaz. "Hata mbele yako anaichezea."

"Sikugusa kitu." Awino aliinua mikono yote miwili. Ilikuwa juu, mbali na mashine. Fatema, aliyekuwa amemaliza kusali na kusimama mlangoni, ndiye aliyesema:

"Kweli hakugusa. Nilikuwa namtazama."

Ndipo Awino alipoelewa. Aliinama chini ya meza, akaung'oa waya wa mtandao, akairekebisha saa tena.

"Sasa tungoje," alisema.

Waliingoja. Chini mvumo ulipanda na kushuka. Maalim alivuta tasbihi yake. Saa ilikwenda mwendo wake, dakika kwa dakika, haikuruka.

"Maana yake nini?" Maalim aliuliza.

"Kompyuta haijui wakati, Maalim. Huuliza. Mimi niliielekeza iulize kwenye mtandao, kwa seva inayoaminika. Mtu ameigeuza. Sasa inauliza pengine, na huko inapouliza inapewa saa ya uongo. Nikiirekebisha, inauliza tena, inadanganywa tena. Nikiikata isiulize, inatulia."

"Kama mtu aliyebadilishiwa mwalimu," alisema Maalim.

"Kama hivyo."

"Na huyo mwalimu mpya yuko wapi? Uingereza? Marekani?"

Awino aliurudisha waya, akafungua mipangilio ya saa, akaisoma anwani iliyoandikwa pale. Aliisoma mara mbili.

"Yumo humu," alisema. "Ni kompyuta mojawapo ya jengo hili."

*

Kompyuta za Redio Fanusi hazikuwa nyingi. Walianza na ya Imtiaz, na nisikufiche, msomaji, Awino alikwenda pale na moyo wa mtu aliyekwisha kuhukumu. Wewe pia labda. Imtiaz mwenyewe aliifungua kwa madaha.

Saa yake ilikuwa sawasawa.

"Umeridhika?" alimuuliza.

Ya chumba cha habari ilikuwa sawa. Ya wahasibu ilikuwa imezimwa tangu jana. Ikabaki moja. Iko mwisho wa baraza ya juu, ndani ya chumba chenye mlango wa mti wa zamani, ofisi ya mwenye redio.

Mzee Najmuddin.

Awino alimtazama Fatema, na Fatema alikuwa anatazama sakafu. Maana Fatema alikuwa ni mwanawe, wa pekee, na alikuwa amekwisha kujua watakachokikuta.

"Una ufunguo?" Maalim alimuuliza kwa upole.

Alikuwa nao. Chumba kilinuka udi na karatasi. Saa ya ukutani ilikuwa mbele dakika nane. Saa ndogo ya mezani, mbele dakika nane. Awino aliiamsha kompyuta. Mbele dakika nane.

"Baba huziweka saa zake mbele," Fatema alisema. "Zote. Nyumbani pia. Nilikuwa mdogo wakati bibi yangu, mamake Baba, alipofariki huko Lamu. Baba alichelewa ndege. Alipofika walikuwa wamekwisha kumzika, wanakung'uta vumbi mikononi. Tangu siku ile hakuna saa yake iliyosema kweli. Husema afadhali aione saa imemtangulia kuliko yeye kuachwa tena."

"Lakini anajua ziko mbele," alisema Maalim.

"Anajua. Huzipunguza dakika hizo kichwani mwake. Nyumbani sote tunajua. Huwa tunamtania."

Awino aliketi kwenye kiti cha mzee. Kiti hicho ndicho alichokikalia mzee siku aliyomwajiri, wakati ndugu zake walipomwambia haiwezekani redio ya dini ishikwe na mwanamke Mkristo. Aliwajibu, na Awino alikuwa nje ya mlango huu akisikia: "Nataka mtu anayeogopa kukosea. Nimempata. Dini yake ataulizwa na Mola wake, si mimi."

"Kuna mtu aliyeifanya kompyuta hii iwe ndiyo mwalimu wa ile ya adhana," Awino alisema. "Hili si jambo la bahati mbaya. Linataka fundi."

"Na fundi ni wewe," Imtiaz alisema.

"Fundi mwingine yuko. Maxwell. Ndiye aliyetufungia mtandao."

Alimpigia hapo hapo, akaiacha simu wazi wote wasikie. Maxwell aliitika kwa sauti ya mtu anayekula.

"Maxwell, leo ulikuja huku Fanusi?"

"Nilikuja, baada ya alasiri. Hukuwepo. Hukuambiwa?"

"Nani alikuita?"

"Mzee Najmuddin mwenyewe. Alinipigia akaniambia saa zote za jengo zimechelewa, ila ya kwake tu. Akataka zote zifuate ya kwake. Nilimwambia, mzee, saa yako ndiyo iliyo mbele. Nikamuonyesha na simu yangu. Alikasirika sana, Awino. Sijawahi kumuona hivyo. Akasema yeye hajawahi kusogeza saa maisha yake yote. Akasema kuna watu wanamchezea akili. Nikaona ni mwenye mali, ni redio yake. Akanipa nywila, nikafanya alivyotaka kwa ile ya kurusha vipindi, zingine nikaziacha. Kwani kumetokea nini?"

Awino alikata simu polepole.

Hajawahi kusogeza saa maisha yake yote. Maneno yale yalibaki yamesimama chumbani kama mgeni asiyekaribishwa. Fatema alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Amesahau," alisema. "Amesahau kwamba ndiye anayezisogeza."

"Uongo," Imtiaz alisema upesi. Upesi mno. "Ami yangu hasahau kitu. Huyu Maxwell ni mtu wao, wamepanga pamoja. Maalim, utachukua maneno ya hawa wawili juu ya neno la Najmuddin?"

"Neno la Najmuddin sijalisikia bado," alijibu Maalim. "Na aletwe."

*

Kutoka Kizingo, anakokaa mzee, hadi Kuze si mbali kwa gari, na Imtiaz mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchukua. Alipoondoka, Awino alimvuta Fatema pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Fatema. Mimi na wewe tumekula sahani moja miaka minne."

Fatema alijipangusa macho na ncha ya mtandio. "Mwezi wa Rajabu alipotea njia kutoka msikitini. Msikiti anamoswali tangu ujana wake. Imtiaz akasema ni uchovu. Akasema tusimwambie mtu, redio inasimama kwa jina la Baba, watu wakijua watatukimbia. Nikakubali. Nilitaka iwe ni uchovu."

"Na mimi ulikuwa uniambie lini?"

Chini mvumo ulibadilika. Ulikuwa wa hasira, ukawa wa heshima. Gari haliingii uchochoro ule, kwa hivyo mzee alikuwa anakuja kwa miguu, na watu walikuwa wanamwamkia mmoja mmoja. Sauti yake ilisikika ikijibu salamu, nzito, tulivu, ya mtu mzima mwenye akili zake. Awino akaanza kuwa na matumaini. Labda Maxwell hakuelewa. Labda mzee atasema, nilikosea, basi, na wote watakwenda kuswali isha.

Najmuddin aliingia akiwa ameshikiwa mkono na Imtiaz. Kanzu nyeupe, kofia ya zari, ndevu zimechanwa. Alimsalimia Maalim, wakaulizana hali za watoto na za saumu. Akaketi kwenye kiti chake.

"Nimeambiwa kuna fitina ya saa," alisema.

"Si fitina, Bwana Najmuddin," Maalim alimjibu. "Ni swali. Leo baada ya alasiri ulimwita fundi aitwaye Maxwell?"

Mzee aliwaza. "Sikumwita mtu. Leo sikutoka nyumbani."

"Baba," Fatema alisema, "asubuhi tulikuja pamoja. Ulikaa humu mpaka alasiri ikapita."

"Sikutoka nyumbani," mzee alirudia, na safari hii kulikuwa na makali.

Imtiaz alifungua mikono. "Umesikia, Maalim."

Awino alisogea mbele. Alipiga magoti kidogo, kama alivyozoea kumwamkia. "Shikamoo, mzee. Ni mimi. Tafadhali kumbuka. Hawa wanasema niliwafungulisha watu makusudi. Wewe ndiye unayejua nilivyo."

Najmuddin alimtazama. Alimtazama kwa muda, kwa adabu, kama vile mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja kuomba msaada. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Fatema, huyu mama ni nani?"

Awino aliinuka. Hakulia. Kilichomjia hakikuwa kilio, kilikuwa kitu kizito zaidi, kama pale mtu anapokanyaga ngazi ambayo haipo. Aliyekuwa shahidi wake wa pekee alikuwa hai, ameketi mbele yake, na hayupo.

Akamtazama Imtiaz. Imtiaz hakushangaa. Uso wake ulikuwa na aibu, na hofu, lakini mshangao haukuwemo hata kidogo.

"Ulijua," Awino alimwambia. "Ulijua, na bado ungenitupa kwa wale watu."

"Amechoka na saumu," Imtiaz alinong'ona. "Ami amechoka, basi."

Maalim Shee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alionekana amezeeka kuliko alivyoingia. Muadhini wa isha hakuwa mbali sasa.

"Binti," alimwambia Awino, "ukweli nimeuona. Lakini ukweli huu si wangu. Nikiteremka nikausema, nimemvua mtu mzima nguo mbele ya mtaa wake. Nisipousema, nimekuacha wewe uchi. Nikawambie nini?"

Fatema alimtazama Awino. Macho yalikuwa yanaomba, na Awino alijua yanaomba nini. Chukua wewe lawama. Sema ulikosea kubonyeza. Watu watasahau, utapata kazi pengine, na Baba atabaki Baba.

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu.

"Mimi sitamtaja mzee," Awino alisema. "Aliniamini, sitamtoa nje mimi. Lakini pia mzigo huu sitaubeba, Fatema. Nina watoto wanaosoma mji huu. Sitaki waitwe wana wa mwanamke aliyewafungulisha watu. Huyu ni baba yako. Kama kuna mtu wa kusema, ni wewe. Kama hutasema, mimi nateremka na wao waamue watakavyo."

Akashika njia ya ngazi.

Alikuwa amefika mlangoni Fatema alipomwita.

"Niwashie kipaza sauti."

"Fatema, usithubutu," Imtiaz alisema, na akamzibia njia. Maalim Shee aliinuka, magoti yakalia, akasimama katikati yao bila neno. Imtiaz aliweza kumsukuma mtu yeyote katika Kuze, isipokuwa yule aliyemfundisha kusoma. Akarudi nyuma.

Waliingia studio, mzee wakamketisha kwenye kiti barazani. Awino akapandisha sauti, taa nyekundu ikawaka. Kule chini mtu alikuwa na redio ndogo, na sauti ya Fatema ikapanda kutoka uchochoroni ikiwarudia wenyewe.

"Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni Fatema binti Najmuddin. Nataka kuwaeleza habari za leo, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ni habari za baba yangu."

Awino aliweka mkono begani kwake.

"Baba yangu ni mgonjwa. Tumewaficha. Saa ya leo ni yeye aliyeisogeza, wala hakujua. Awino Odera hakuwa na mkono katika jambo hili. Alichofanya yeye ni kuwazuia msile, na sisi tukamwacha atukanwe..."

Imtiaz alikuwa ameuegemea ukuta, kichwa mikononi. Maalim alikuwa amefumba macho, midomo inacheza kwa dua. Fatema aliendelea, sasa kwa sauti iliyokwisha kutulia, sauti ya mamake, kama watu waliomjua marehemu walivyozoea kusema.

Awino aligeuka kumtazama mzee kupitia mlango uliokuwa wazi, aone kama amesikia.

Kiti kilikuwa kitupu.

Alitoka mbio barazani. Ofisi, hakuna mtu. Chumba cha kusalia, hakuna mtu. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi, na kwenye daraja la kwanza ilikuwa imeanguka kofia ya zari.

Kule chini, mbele ya watu waliokuwa wameshika redio zao, sauti nzito na tulivu ilikuwa inauliza kila mtu, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu:

"Samahani, ndugu yangu. Nimemsikia mke wangu akizungumza. Mumemuona alikopita?"